Tulivyomposa Kapteni Wetu

Mjukuu wangu Zuhura,

Hatujambo hapa Wembley, ila magoti yangu ndiyo yamenuna. Umeuliza timu yenu ya kikapu ifanyeje na mkongwe aliyemaliza mkataba: imbakize au imwache aende?

Kapteni wetu Juma alipomaliza wake, timu ya Hounslow ilimtaka. Akiondoka, nafasi yake ni yangu. Wenzangu wakanifanya mimi mshenga! Tukabeba sinia la halua, tukaenda kumposa kwa mkewe.

"Mahari yake nini?" akatucheka mlangoni.

"Nafasi yangu uwanjani, shemeji."

Juma akasema, "Nabaki. Lakini huyu aanze, mimi nitamfundisha nikiwa benchi."

Basi nendeni mkamwombe wenu. Mechi ile nilikosa vikapu vitatu, Juma akanipigia makofi kila nilipokosa, nami nikatoka kifua mbele.

Babu yako