Mama Mkwe Amefunguka

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa penye mwanga mzuri, miwani ikiwa puani na si kichwani, ambako huwa unaisahau halafu tunaitafuta nyumba nzima. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyokutumia imesaidia, au umewagawia majirani kama ile ya mwanzo? Sisi hatujambo. Mjukuu wako amerefuka, sasa ananitazama kwa juu, na maneno yake ni yako matupu. Mimi ni mzima isipokuwa jino moja lililong'olewa, na habari zenyewe zinaanzia kwenye jino hilo.

Kwanza ujue kwamba nimerudia kufuga samaki na matumbawe ya maji ya chumvi. Najua umeguna. Binti yako alipotuacha, kila kilichokuwa mle kilikufa mikononi mwangu, nikatoa tangi nje na kuapa mbele yako kwamba halitaingia tena humu. Ukanijibu kwamba afadhali, maana sebule ilikuwa inanuka kama gati. Basi limeingia. Liko pale pale ukutani, mkabala na kiti chako.

Nimepanga mawe, nikachanganya maji na chumvi (si ya jikoni, mama, usije ukaanza), nikapima, kisha nikasubiri maji yakomae, kwa sababu ukitia kiumbe siku hiyo hiyo unakiua. Matumbawe hayapendi joto, kwa hiyo nimebomoa friji moja bovu pale karakana na kutengeneza mtambo wa kupoza maji. Mabomba ya shaba nimeyaweka mbali na maji, maana shaba ni sumu kwao. Mjukuu wako anasema nyumba ya fundi friji ni moja tu duniani: samaki wana mtambo mzima, binadamu wanakunywa maji ya uvuguvugu.

Sasa jino. Lilinichachamalia nikaenda kliniki. Kwenye chumba cha kusubiri kuna tangi dogo kando ya meza ya mapokezi, nami nilikuwa nimeshika shavu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine nikagonga kioo kama mtu asiyejua. Dada wa mapokezi, bila kuinua macho kwenye kompyuta yake, akaniomba nisigonge, kwani Mama Mkwe akishanuna huchukua wiki nzima kufunguka.

Hapa inabidi nikueleze jambo ambalo binti yako alinikataza kukwambia. Tumbawe letu kubwa, lile la rangi ya krimu lenye umbo la uyoga, alilipa jina lako. Alisema ni mama mtupu: ukimgusa bila kumsalimia anajikunja, hataki kuonana na mtu, kisha asubuhi moja anajivua utando wa juu na kufunguka akiwa mzuri kuliko mwanzo, kana kwamba hakuna lililotokea. Yeye alimwita Mama, mimi Mama Mkwe, na jina langu ndilo lililoshika. Siku ulipolisifu kwamba ndilo pekee lenye heshima zake mle ndani, tulikimbilia jikoni kwenda kucheka. Nisamehe, lakini tulicheka sana.

Jina hilo halikuwahi kutoka nje ya nyumba yetu, au ndivyo nilivyodhani. Nikamuuliza yule dada amelitoa wapi. Akasema alipewa na mgonjwa mmoja, mwanamke mcheshi, aliyemletea kipande ndani ya kopo la maji ya chumvi, akamfundisha kukibandika kwenye jiwe kwa gundi, na akamwambia abadilishe chochote ila jina. Tumbawe la namna hiyo ukilikata, kipande huota na kuwa zima. Wakati mimi natupa letu likiwa limekufa, la binti yako lilikuwa kliniki linakua. Nililia pale pale, na wagonjwa wengine wakadhani daktari ana mkono mzito.

Nikarudi tena kuomba kipande, jino likiwa halipo na kisingizio kikiwa hakipo. Akanikatia, nikakitia tangini, lakini nilikuwa nimesahau mengi. Maji yalipopungua niliongeza ya chumvi, yakapungua tena nikaongeza tena, na Mama Mkwe akajikunja kabisa. Nikaona nimemuua mara ya pili. Yule dada akaja, akapima, akanisuta: kinachopaa hewani ni maji, chumvi yote inabaki, sasa mimi namwongezea chumvi ya nini mtu ambaye tayari ana chumvi yake? Tangu siku hiyo tunaongeza maji matupu.

Neno halikupiti, mama. Umeshaona nimeandika "tunaongeza".

Nataka kumwoa. Nimezunguka kwenye friji na jino kwa sababu naogopa. Siogopi hasira zako, hizo nimezizoea. Naogopa utanitakia heri kwa sauti nzuri, kisha uanze kupunguza safari za kuja huku, mpaka niwe mtu uliyewahi kujuana naye. Mjukuu wako anasema amekubali, ila bibi akikataa na yeye amekataa. Mimi nimefiwa na mke, nawe umefiwa na mwana. Sitaki sasa nikupoteze wewe ungali hai.

Kuna ombi pia, na si langu. Yule dada hana mama. Alilelewa na shangazi yake, naye alishafariki, kwa hiyo siku ya harusi hakuna wa kukaa upande wa bibi harusi. Ameona haya kukuandikia mwenyewe. Anaomba ukae upande wake, mimi nije kumwomba kwako.

Kile kipande kilifunguka jana asubuhi. Lakini wewe usinijibu kwa haraka. Nuna kwanza kadiri unavyotaka, kusubiri nimejifunza.

Mjukuu wako anakusalimu sana na anauliza kama bado unamfichia lile blanketi la rangi ya zambarau. Wape salamu majirani wote waliochua magoti yao kwa dawa yangu.

Ni mimi mkweo, na ukiridhia, mkweo kwa mara ya pili.