Maswali ya Faraji

Jumamosi, baada ya magharibi

Ukilikuta daftari hili, tafadhali usimsomee mtu hata mstari mmoja.

Leo nimesifiwa, na ndiyo maana ninaogopa. Tulikuwa sita nyuma ya mgahawa, tukifanya mazungumzo ya Kireno kama kila Jumamosi. Bi Zuhura, aliyeishi Msumbiji miaka mingi, alitupanga wawili wawili tuulizane maswali. Nikapangwa tena na Faraji, yule mgeni aliyejiunga juzijuzi.

Jumamosi ya kwanza aliniuliza ninaishi na nani. Ya pili, ninatoka ofisini saa ngapi. Leo akauliza nani anatunza ufunguo wa masijala ya ardhi ofisini kwetu. Nikajibu sentensi nzima: ninao mimi, ninalala nao chini ya mto. Mara zote nimesema kweli, kwa sababu kudanganya kwa Kireno kunataka maneno mengi kuliko niliyo nayo.

"Karani wetu leo kaongea kama kazaliwa Maputo," akasema Bi Zuhura. Wakacheka.

Wakati wa kutoka Faraji akanisogelea. "Dada, lile faili la mashamba ya Dimani liko kabati gani? Jibu kwa lugha yoyote."

Sijawahi kumtajia Dimani.

Nilitaka kukimbilia kwa mama mkubwa, Ikwiriri. Lakini hata yeye nilishamtaja, siku ya somo la familia.

Ninaondoka na ufunguo. Ukinitafuta, usipige simu. Nenda kwa Bi Zuhura, ndiye pekee niliyemwambia ninakokwenda; mkiwa wawili tu, umsalimie kwa Kindengereko, lugha ya kwetu, ajue umetumwa na mimi. Ukianza kwa Kireno, atakwambia hanijui.