Shimo la Mbuna

Jumatatu, 7 Julai
Asubuhi kama jana. Nimesali, nimekaa. Siku ya hamsini na tatu ya eda. Nimewalisha mbuna wa Idi, dume na jike, ndani ya tangi lao la kioo. Mama kanletea uji, ukapoa mpaka ukafanya utando. Sikuugusa. Samaki hawa marehemu mume wangu aliwatoa kwao, Ziwa Nyasa, ndani ya ndoo, akaipakata njia nzima mpaka Unguja. Nguo zake zimeshagaiwa. Wamebaki hawa tu.

Jumatano, 9 Julai
Dume kabadilika. Juzi alikuwa kijivujivu, leo buluu ya kuumiza macho, na mistari myeusi. Mie nimo ndani ya kanga iliyopauka, sina wanja, sina hina, yeye kajipamba kama bwana harusi. Nimemchukia, wallahi. Nimelifunika tangi kwa taulo.

Ijumaa, 11 Julai
Anachimba. Anajaza mchanga mdomoni, anautema pembeni, anarudi. Toka alfajiri. Shimo limeshafika kwenye kioo cha chini. Jike anazunguka juu yake.

Sisi wanawake hatuendi kuzika. Idi walimchukua, nikabaki ndani na Mama. Kaburi lake silijui lilivyo. Na huyu ananichimbia moja mbele ya macho yangu. La nani? Nimelifukia kwa upawa. Kaniuma kidole.

Adhuhuri kachimba tena. Nikafukia. Alasiri, tena.

Jumamosi, 12 Julai
Nshachoka. Nimetoa mchanga wote, nimemwaga maji yote, nimelisugua tangi kama sufuria la pilau, nimelijaza maji ya bomba. Mchanga umo kwenye beseni, uani. Achimbe kioo sasa.

Mama kauliza, "Mwanangu, unafanya nini?" Nnasafisha. "Hebu kunywa uji kwanza." Nikazidi kusugua. Jeuri ya bure.

Jumatatu, 14 Julai
Rangi ya dume imeondoka. Kawa kama jivu. Yuko pembeni, anahema juu juu. Ya Rabi, nilitaka aache kuchimba tu. Sikutaka hivi. Jike naye hali chakula. Kawa mweusi, koo limevimba.

Jumanne, 15 Julai
Dume kafa. Niandike wazi: nimemuua mie, kwa mikono yangu hii na maji yangu ya bomba.

Nimemzika kwenye chungu cha mrehani, uani. Nimelia kuliko siku ile ya Idi. Aibu nimeona, lakini nimelia.

Nikampigia wifi yangu, dada yake Idi, huko ziwani. Nikamwambia na jike anakufa, hali, koo limevimba. "Wifi, huyo hafi. Ana watoto kinywani. Mbuna ndivyo wanavyolea."

Na lile shimo? "Kitanda chao kile. Dume huchimba, akajipamba, akamwita mke." Akanambia nirudishe mchanga taratibu, nisimshtue. Akishtuka atawameza wote.

Kitanda. Nami nikakaa nakifukia kutwa nzima, mjinga mie, mjinga!

Jumatano, 23 Julai
Mchanga nimeurudisha taratibu. Jike bado hajala. Kakonda, mgongo umekuwa kama wembe. Kila nikiamka naangalia koo kabla sijanawa uso. Leo Mama kabamiza mlango, nikamfokea, mama yangu mzazi. Nikamwomba radhi. Tangu hapo anatembea kwa kunyata ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Akiwameza, basi cha Idi hakuna tena. Sina dua nyingine. Nshaomba zote.

Alhamisi, 31 Julai
Koo bado limejaa. Sijalala vizuri. Naogopa hata kukohoa.

Jumapili, 3 Agosti
Asubuhi kafungua mdomo. Wametoka kumi na mmoja, kila mmoja kama punje ya mchele. Nikasogea niwaone vizuri, kivuli changu kikawaangukia, wote wakakimbilia mdomoni. Kaufunga.

Nimerudi kinyumenyume mpaka mlangoni, nikakaa sakafuni. Mama kaja kwa kunyata, na bakuli la uji, akakaa ubavuni mwangu. Tukangoja.

Wametoka tena.

Uji ulikuwa bado wa moto. Nimeunywa.