Wasifu wa Mwanamkuu Usomwe Upya

Ruaruke,
Ijumaa.

Mdogo wangu Sufiani,

Assalaam alaykum. Natumaini wewe, shemeji Zuena na wajukuu mu wazima huko Kiongoroni, na kwamba kikohozi chako kimepungua. Mimi sijambo, ila goti. Baada ya salamu, nisikilize, maana nina hasira tangu siku ya maziko.

Wasifu wa dada yetu Mwanamkuu, uliousoma barazani kabla jeneza halijatoka, ulikuwa mfupi kuliko tangazo la mnada. Alizaliwa, aliolewa na marehemu Kondo, alilima mpunga, alizaa watoto wanne, amefariki. Miaka sita ya maisha yake uliiruka kama mtu anayeruka dimbwi. Bi Mwantum, aliyekuwa uani na wanawake, aliwauliza wenzake, "Huyo anayesomwa ni nani? Mimi nimekuja kumzika Mwanamkuu wa sinema."

Nilipokuuliza, ulinijibu kwamba uliona aibu mbele ya shehe. Aibu ya nini? Watengenezaji wa filamu walipofika deltani mwaka 1968 kutafuta msichana anayejua kupiga kasia na kukata mikoko bila kufundishwa, walimchagua yeye, akiwa na miaka kumi na minane. Aliigiza filamu tano. Gari la sinema lilipokuja Kibiti, watu walikuja kutoka mbali kama Umwe kumwona kwenye shuka jeupe akimtandika tajiri wa magogo kwa kasia, na uwanja mzima ukacheka. Baba, ambaye wewe unasema alimlaani, alikwenda kutazama mara mbili. Mara ya pili alikaa mbele kabisa, pamoja na watoto.

Kisha, mwaka 1974, dada alipata barua ya Baba: mama yako yu mahututi, njoo upesi. Aliacha filamu ya sita katikati, akaja na mfuko mmoja, akamkuta Mama anatwanga mpunga. Siku ya tisa aliozwa Kondo. Kule mjini nafasi yake walimpa msichana mwingine. Hakusema na Baba tena kwa miaka kumi na mmoja, na Baba alipokata roho, hakuja. Kwa hilo umemlaumu mpaka anaingia kaburini.

Sufiani, Baba hakujua kuandika. Nyumbani kwetu wakati ule aliyejua ni mmoja tu: mimi, mwalimu kijana niliyechoka kuitwa Mwalimu Sinema na wanafunzi. Niliandika kwa jina lake, na chini nikabandika dole gumba langu badala ya lake. Mwanamkuu alipomuuliza mbele ya watu, Baba aliitazama ile karatasi, akanitazama mimi, akasema, "Ndiyo, nimekuita mimi."

Hakunisemesha juu ya jambo hilo hata siku moja. Nami nilinyamaza, nikamwacha azikwe bila bintiye.

Ndani ya bahasha hii umo wasifu mpya. Siku ya arobaini utausoma wote, mbele ya shehe yuleyule. Sentensi ya mwisho ina jina langu; usiiruke. Nitakuwa nimekaa mbele kabisa, pamoja na watoto.

Msalimie Zuena, na umwambie mkeka wake umefika.

Ni mimi kaka yako, kwa jina langu mwenyewe,
Kibwana