Nusu Iliyotoka Kwangu

Manika, Kolwezi

Yaya Valérie, dada yangu,

“Damu yetu ni safi, kwetu hakuna mutu wa SS.” Ndivyo ulivyoniambia kwenye simu Dady alipomchumbia binti yako Falonne. Si kweli. Juzi nilipimwa: ninabeba nusu ya ugonjwa huo wa damu, selimundu, na sijauugua hata siku moja. Muuguzi anasema ni herufi moja iliyokosewa katika maagizo ya mwili. Mzazi mmoja akiipitisha, mtoto huwa mzima. Wakiipitisha wote wawili, huugua. Sielewi. Miaka hamsini nimebeba ujumbe ambao mwili wangu haukuutii. Wa mwanangu uliutii vipi?

Hapa mvua imeanza, mahindi yamechipuka.

Kabemba wangu alikufa akiwa na miaka minne, akilia kwa maumivu ya mifupa. Mlisema mama yake, Rachelle, ni mchawi, mkamrudisha kwao Kisenge. Mimi ninayebishana na kila mchungaji nilinyamaza. Sasa najua nusu ya ugonjwa wa mtoto ilitoka kwangu, na sijui nimwandikie Rachelle nini.

Waambie Falonne na Dady waende wakapimwe wote wawili kabla mahari haijapokelewa. Na wewe, Yaya, uwatangulie.

Mdogo wako,
Séraphin