Bawa la Kulia

Kwako Dada Mkubwa,

Pokea salamu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Naomba uwe mzima, na goti la shemeji liwe limeacha kumsumbua. Mimi, dada, bahati yangu haina mfano: jana bawa la chuma liliniangukia nikainuka sina hata mkwaruzo! Mwandiko ukienda upogo usishangae, naandikia pajani.

Lile tamasha nililokwambia ndilo hili. Kwenye uwanda mtupu watu wanajenga mji wa maturubai, wanaishi humo wiki moja, kisha wanaubomoa. Hakuna kinachouzwa. Kinyozi ananyoa bure, mshonaji anashona bure, na kuna bwana mmoja ambaye zawadi yake ni kusikiliza matatizo ya watu. Foleni yake inashinda ya choo. Ukipewa kitu unakipokea kwa mikono miwili na kukitumia mbele ya aliyekupa. Ndiyo adabu ya hapa.

Nami unanijua, mdomo wangu hauna breki. Nikawatangazia kwamba nitawaundia ndege wa chuma, wapande mabawani wauone mji wote. Nikasema nimechomelea mageti ya matajiri katika nchi tatu. (Ni mbili, na moja nilipita tu.)

Bawa la kulia likiwa limebaki kidogo, vijiti vya kuchomelea vikaniishia. Jirani yangu, bibi mfinyanzi tunayemwita Mama Udongo, akaniletea pakiti ya vijiti vya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi kama mimi. Alikuwa akiihifadhi ndani ya sanduku anamowekea udongo wake mbichi. Nilipoishika tu nikajua vimekula unyevu. Kijiti cha namna hiyo kinakupa kiungo kinachong'aa kwa nje, ndani kina matundu kama mkate. Dawa yake ni kuvikausha motoni kwanza. Lakini Mama Udongo alikuwa amekaa juu ya ndoo ananitazama, machozi yanamlenga, anasema mzee wake angefurahi. Nitie zawadi ya marehemu motoni mbele ya mjane wake? Nikaona haya. Nikachomelea hivyo hivyo, nikapiga rangi.

Jana alasiri watu wakajaa bawani. Kila waliporuka na kucheka, nilikitazama kile kiungo. Kisha nikaona wanampandisha Mama Udongo mwenyewe. Hapo nikasikia chuma kinasema tik. Dada, nakuombea usiisikie sauti ile maishani mwako.

Nikapiga kelele washuke. Wakacheka zaidi, wakasema Cheche ameanza vituko vyake. Nikakimbilia chini ya bawa, nikaweka bega, nikashika kiungo kwa mkono, nikaanza kulia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Walipoyaona machozi ndipo wakaamini. Wakashuka mmoja mmoja, na mimi huku naiona rangi inachanika mbele ya pua yangu. Mama Udongo alikuwa wa mwisho, kwa sababu miguu yake ni mizito. Alipokanyaga ardhi, bawa likaja.

Leo amekuja kunitazama kwenye hema la daktari. Nilitaka kusingizia upepo, ulimi ukakataa, nikamweleza yote. Naye akasema mumewe hakuwahi kutumia kijiti kabla ya kukikausha, na kwamba siku ile alikaa pale kwenye ndoo akingoja nimwombe kuni. Aliona si adabu kumfundisha kazi fundi wa nchi tatu.

Msalimie shemeji, wabusu wanao, na Mama usimwambie lolote mpaka uje huku.

Maana utakuja, dada. Ile bahati niliyojisifia ni uongo. Mkono wangu wa kulia umepondeka, vidole havisikii hata sindano, na barua hii nimeiandika kwa wa kushoto. Kesho wanaamua kama wataukata. Naogopa.

Mdogo wako,
Cheche