Povu Kwenye Jakuzi

Horsham, Jumapili

Mwanangu Karyn,

Huku baridi imeanza kuuma. Mawaridi nimeyapunguza matawi, na mbwa bado anakohoa. Baba yako anakusalimu.

Lile jakuzi la maji moto mlilotununulia, pale uani, limenitoa jasho. Kila asubuhi nalikuta limejaa povu. Nikapima maji kwa vile vikaratasi: asidi sawa, klorini sawa. Nikaosha kichujio. Nikamwaga maji yote, nikajaza upya. Povu likarudi. Muuza dawa za maji akaniambia, “Glenys, hapo kuna mtu anaingia na sabuni.” Nikamshuku jirani na wajukuu zake, nikamnunia bure.

Jana kulipopambazuka nikamkuta baba yako humo ndani, kipande cha sabuni mkononi, anajisugua shingo.

“Des, unafanya nini?”

“Fanya haraka, Lorna,” akasema. “Zamu yako, maji yanapoa. Na Mama naye anasubiri.”

Shangazi yako Lorna tulimzika kabla hujazaliwa, na bibi yako pia. Shambani kwao, ukame ulipokaza, nyumba nzima ilioga maji yaleyale, mmoja baada ya mwingine.

Usimpigie simu kumuuliza; atakwambia yu mzima, na utamwamini, kama nilivyomwamini mimi. Kaka yako mwambie wewe. Mimi nitashindwa.

Nilivua koti nikaingia, nikamsugua mgongo. Tulipotoka akanisihi nisiyamwage maji, mama yake bado hajaoga.

Sijayamwaga.

Mama yako,
Glenys